Waya au Wi-Fi? Namna ya kuchagua mtandao wa ofisi ndogo, shule au zahanati

Anayefungua ofisi siku hizi hajiulizi kama atahitaji mtandao. Swali huja fundi akishafika: tuvute nyaya au tuweke Wi-Fi tu? Wengi hujibu papo hapo, "Weka Wi-Fi, nyaya zitaharibu ukuta." Baada ya miezi michache printa haionekani, kamera ya getini inaganda, na mkutano wa video unakatika kila bosi anapoanza kuongea. Lawama zote anabebeshwa mtoa huduma wa intaneti, hata pale asipohusika kabisa.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kinachokaa mahali pamoja kipewe waya. Kinachotembea kipewe Wi-Fi. Ila sababu yangu si ile inayotajwa sana madukani, yaani spidi iliyoandikwa kwenye boksi. La kuangalia ni unagawana njia na nani. Waya na Wi-Fi ni ndugu wa ukoo mmoja, wakaachana njiani, na pale walipoachana ndipo penye jibu la ofisi yako.

Ukoo wenyewe ulianzia Hawaii

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Chuo Kikuu cha Hawaii kilikuwa na kompyuta kubwa kisiwani Oahu, na kilitaka watu wa visiwa vingine waitumie bila kutegemea laini za simu. Norman Abramson na wenzake wakaamua kutumia redio. Mtandao wao, ALOHAnet, ulianza kazi mwaka 1971 kwa kanuni nyepesi ajabu: ukiwa na ujumbe, tuma. Usipopata jibu, jua umegongana na mwingine; subiri muda wa kubahatisha, kisha tuma tena. Hakuna foleni wala msimamizi wa zamu. Lakini wepesi huo ulikuwa na bei yake. Hesabu zilionyesha kwamba njia ya namna hiyo haiwezi kufanya kazi ya maana zaidi ya asilimia 18 hivi ya uwezo wake. Ukizidisha watumaji, migongano inakula kilichobaki.

Bob Metcalfe aliisoma kazi ya Abramson. Alikuwa katika maabara ya Xerox PARC, Palo Alto, California, akitafuta njia ya kuunganisha kompyuta za Alto na printa ya leza. Tarehe 22 Mei 1973 aliandika waraka wa ndani ulioeleza Ethernet, kisha yeye na David Boggs wakaijenga. Badala ya hewa ya visiwani walitumia kebo moja ya koaksia (ya duara, kama ile ya antena ya televisheni) iliyopita ofisi zote, kila kompyuta ikijichomeka humo. Waliongeza mambo mawili: sikiliza kabla hujatuma, na endelea kusikiliza unapotuma ili ukigongana na mwenzako unyamaze mara moja. Spidi ya kwanza ilikuwa megabiti 2.94 kwa sekunde. Mwaka 1980 kampuni za Digital, Intel na Xerox zilichapisha vipimo vya pamoja vya megabiti 10, na mwaka 1983 IEEE, chama cha wahandisi kinachoweka viwango, ikavifanya kiwango rasmi, 802.3.

Alikuwepo mshindani. IBM ilileta Token Ring mwaka 1985, ambamo kompyuta zilipokezana ruhusa ya kusema moja baada ya nyingine. Kwa nidhamu, Token Ring iliishinda Ethernet. Kwa bei ilishindwa vibaya, na soko halikuangalia nyuma.

Hadi hapo, basi, hata waya ulikuwa njia ya kugawana. Waliofanya kazi na koaksia nyembamba ya miaka ya 1980 wanaikumbuka vizuri. Kebo ilitoka kompyuta hii kwenda ile, na kila mwisho ukafungwa kizibo chenye ukinzani wa omu 50. Mtu akipiga teke kiungio kimoja chini ya meza, ofisi nzima inakufa, na fundi anapita meza kwa meza kutafuta palipoachia.

Mwaka 1990 mambo mawili yaliubadilisha waya moja kwa moja. La kwanza ni kiwango cha 10BASE-T: kila kompyuta ikapata kebo yake ya nyaya zilizosokotwa, ikienda hadi sanduku moja la kati. La pili ni swichi, iliyoletwa na kampuni ndogo ya Marekani iitwayo Kalpana. Kabla yake sanduku la kati lilikuwa habu, kifaa kinachopokea ujumbe na kuumwaga kwenye matundu yote. Swichi hujifunza anwani ya kila kifaa na tundu lake, ikapeleka ujumbe pale tu unapohusika. Baadaye kila kebo ikaweza kutuma na kupokea kwa wakati mmoja, na migongano ikaisha. Kwenye waya unaonunua leo ule ustadi wote wa kusikiliza, kugongana na kurudia hauna kazi tena. Kila meza ina njia yake.

Wi-Fi ilikuja kutoka upande mwingine. Mwaka 1985 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, FCC, iliruhusu masafa fulani ya redio yatumike bila leseni. Kampuni ya NCR, iliyokuwa ikiuza mashine za kulipia madukani, ikaona fursa: duka likipanga upya kaunta, mashine zihamishwe bila kuvunja ukuta. Kazi hiyo ilifanyika kwa sehemu kubwa Uholanzi, na Vic Hayes, aliyeongoza kamati ya viwango, alitoka huko. Kiwango cha kwanza cha 802.11 kilitoka mwaka 1997 kikiwa na megabiti 2. Mwaka 1999 kikaja 802.11b chenye megabiti 11, na mwaka huohuo Apple ikakiingiza katika kompyuta ya iBook. Kuanzia hapo Wi-Fi haikuwa tena mambo ya maghala na kaunta.

Redio, hata hivyo, ina kizuizi ambacho waya hauna. Inapopaza sauti haiwezi kumsikia mwingine kwenye masafa yaleyale. Haiwezi kugundua mgongano katikati ya kutuma, kwa hiyo hujitahidi kuuepuka: inasikiliza, inasubiri muda wa kubahatisha, inatuma, kisha inangoja ijibiwe kwamba ujumbe umefika. Hewa imebaki moja kwa wote. Waya uliihama Hawaii. Wi-Fi bado inaishi huko, ingawa katika nyumba nzuri zaidi.

Namba za kwenye boksi

Chukua ruta iliyoandikwa AC1200. Muuzaji atakwambia ni 1200 Mbps (megabiti kwa sekunde), yaani inaipita kebo ya gigabiti moja, ambayo ni 1000. Hiyo 1200 ni jumla ya redio mbili: 300 za masafa ya GHz 2.4 na 867 za GHz 5, zikakaribishwa kwenye namba nzuri ya kuuzia. Simu yako hukaa kwenye redio moja tu kwa wakati. Halafu toa muda wa kusubiri zamu, majibu ya kila ujumbe na umbali, na mara nyingi utabaki na nusu ya hiyo 867 au chini yake. Hizo nazo ni za wote waliomo chumbani, zikijumlisha kwenda na kurudi. Ni daraja la gari moja: upande mmoja ukipita, mwingine unangoja.

Kebo ya gigabiti moja ikipimwa kwa kunakili faili kubwa hutoa karibu 940 Mbps. Inazitoa kwenda na kurudi kwa wakati mmoja, kwa kila meza, saa nne asubuhi sawa na saa nne usiku.

Sasa, ukweli wa mambo. Ikiwa kifurushi chako cha intaneti ni 20 Mbps, waya na Wi-Fi zote zinazidi hapo mara nyingi, na kuvuta nyaya hakutakupa intaneti ya 21. Anayekuahidi hivyo anauza kebo. Utakachopata ni utulivu. Simu ya video haihitaji megabiti nyingi, inahitaji zile chache zifike kwa wakati, na hapo ndipo hewa yenye watu wengi inapoanza kuyumba. Spidi yenyewe utaiona pale kazi zinapozunguka ndani kwa ndani: mfumo wa zahanati ulio kwenye seva ya chumba cha nyuma, mafaili ya wahasibu, picha za eksirei, nakala za akiba za usiku.

Hewa ya kugawana

Jambo ambalo wateja hushangaa wakiambiwa ni hili: kifaa kimoja chenye Wi-Fi dhaifu huwachelewesha wote. Laptop ya zamani iliyokaa chumba cha mwisho, ikipata mawimbi kwa shida, hutuma polepole, na muda wote inapotuma wengine wamenyamaza. Utanunua ruta mpya ya bei, na ile laptop itaendelea kuivuta nyuma. Ondoa kifaa hicho, au kipe waya, uone.

Kisha kuna majirani. Kwenye GHz 2.4 chaneli zisizoingiliana ni tatu tu: 1, 6 na 11. Ukiwa kwenye ghorofa la Kariakoo au Eastleigh, fungua orodha ya mitandao kwenye simu uhesabu majina. Wote hao wanagawana na wewe chaneli tatu, wanakujua au hawakujui. Kwenye GHz 5 kuna nafasi zaidi na kelele kidogo, lakini mawimbi yake huchoka haraka yanapokutana na ukuta. Na kuta hazifanani. Ukuta wa mbao au jipsamu ni kitu kidogo. Nyumba ya zamani ya Mji Mkongwe Zanzibar au Lamu, yenye kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, inaweza kukulazimu uweke kirusha Wi-Fi karibu kila chumba. Kwenye kontena au banda la mabati, chuma hurudisha mawimbi yalikotoka.

Dawa inayouzwa zaidi kwa shida hii ni kirudishio kile cha kuchomeka kwenye soketi. Sikipendi. Kilicho na redio moja hupokea kila ujumbe na kuutuma tena kwenye hewa ileile, kwa hiyo unapata mistari mingi zaidi ya mawimbi kwenye simu na uwezo uliokatwa nusu. Weka kirusha cha pili kilichounganishwa na swichi kwa kebo. Wi-Fi nzuri karibu kila mara inaanza na waya.

Waya nao una mitego

Kebo za mtandao huuzwa kwa madaraja. Ya Cat5e inabeba gigabiti moja hadi mita 100. Cat6 hubeba gigabiti 10 kwa takriban mita 55. Kwa ofisi ndogo Cat5e halisi inatosha; nenda Cat6 kama jengo ni jipya na hutaki kurudi tena ukutani. Hilo neno "halisi" ndilo zito. Sokoni zimejaa kebo za alumini iliyopakwa shaba, na kwenye ganda zimeandikwa Cat6 kama kawaida. Kata kipande, kwangua unyaya mmoja kwa wembe: shaba ni nyekundu mpaka ndani, alumini inang'aa nyeupe. Boksi la mita 305 la alumini pia ni jepesi mkononi, na ukilibeba pamoja na la shaba utajua bila kuambiwa. Ya alumini hukatika kirahisi kwenye vichwa, yaani plagi za mwisho wa kebo, na ikipitishiwa umeme wa kamera hupata joto.

Vichwa vyenyewe: nyaya nane, mpangilio unaotumika sana ukiwa nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Kuna kosa moja la fundi ambalo hupita miaka bila kugunduliwa. Unyaya wa buluu au wa kahawia usipobanwa sawasawa, kebo haifi. Inashuka tu kutoka 1000 hadi 100 Mbps, kwa sababu spidi ya 100 hutumia jozi mbili kati ya nne. Kabla hujamlipa fundi, chomeka laptop kwenye kila tundu na uangalie spidi ya kiungo kwenye mipangilio ya mtandao. Ukikuta 100 mahali ulipolipia 1000, arudie kubana.

Mtego mkubwa zaidi ni radi. Kebo ya shaba inayotoka jengo moja kwenda jingine, hasa inayoning'inia nje, ni njia ya kuingizia umeme wa radi kwenye swichi na kila kilichounganishwa nayo. Ukanda wa Ziwa Victoria, kuanzia Kisii na Kakamega hadi Mwanza na Kampala, unapigwa na radi sana. Kati ya majengo tumia faiba, ambayo ni kioo na haibebi umeme, au jozi ya antena za Wi-Fi zinazotazamana. Shule yenye bwalo mita 150 kutoka jengo la utawala isijaribu shaba kabisa: imevuka mita 100, na mvua ya kwanza yenye radi inaweza kuwagharimu maabara nzima ya kompyuta.

Kamera, umeme na mgao

Kamera ya Wi-Fi inavutia hadi unapokumbuka kwamba inahitaji umeme. Kama lazima uvute waya wa umeme hadi getini, umeokoa nini? Tangu mwaka 2003 kuna kiwango cha kupitisha umeme ndani ya kebo ileile ya mtandao, hadi wati 15.4 kutoka kwenye swichi, na baadaye vikaja viwango vya wati nyingi zaidi. Kebo moja inaleta picha na kupeleka umeme. Swichi ikiwekwa kwenye UPS moja (betri ya akiba), kamera zote, virusha Wi-Fi na simu za mezani vinaendelea kufanya kazi umeme ukikatika. Mahali penye mgao, hoja hii peke yake inamaliza mjadala.

Zaidi ya hapo, kamera haipumziki. Nane zikituma megabiti 4 kila moja ni 32 zinazokalia hewa yako usiku na mchana. Tena mawimbi ya Wi-Fi yanaweza kuvurugwa na mtu aliyesimama nje na kifaa cha bei ndogo, na mwizi anayejua kazi yake huanza hapo.

Usalama

Anayetaka kuingia kwenye waya wako lazima afike kwenye tundu. Mapokezi yenye tundu lililo wazi nyuma ya kochi la wageni ni hatari, lakini unaliona na unaweza kulizima kwenye swichi. Wi-Fi hutoka nje ya ukuta. Kinga yake ya kwanza, WEP, ilivunjwa na watafiti mwaka 2001. WPA2 ikaja 2004 na WPA3 mwaka 2018. Chagua WPA3, au WPA2 kama vifaa ni vya zamani, na uzime WPS, ile namna ya kuunganisha kwa kitufe au namba fupi. Wageni wapewe mtandao wao uliotengwa. Nenosiri la ofisi lililobandikwa ukutani kwenye karatasi ya A4 ni la mtaa mzima.

Basi uchague nini?

Duka la simu, saluni au ofisi ya watu watatu wenye laptop na simu: Wi-Fi inatosha, na mashine ya risiti ichomekwe kwenye ruta kwa kebo fupi. Usivute kitu kingine.

Mgahawa ni Wi-Fi kwa wateja bila mjadala, maana simu hazina tundu la kebo. Lakini kaunta, printa ya jikoni na kamera zipewe waya. Printa ya jikoni inayopoteza mawimbi saa saba mchana itakugharimu zaidi ya kebo.

Zahanati, SACCO au ofisi ya uhasibu: kila meza tundu lake, seva kwa waya, Wi-Fi iwe nyongeza ya vikao na wageni. Hapa sioni cha kubishania.

Maabara ya kompyuta ya shule ni waya. Wanafunzi 40 wanaofungua somo moja kwa dakika moja ndio ule mtandao wa Hawaii uliokosa msimamizi. Kama kompyuta ni tableti na hakuna budi, weka kirusha cha daraja la ofisi ndani ya chumba chenyewe, kwenye GHz 5. Ruta ya nyumbani iliyo ofisi ya mkuu wa shule haitawafaa.

Nyumba ya kupanga: Wi-Fi, na kebo moja ndefu kwa anayefanya kazi kwa mbali. Mwenye nyumba hatakubali utoboe, na huna sababu ya kumjengea mtandao.

Kuhusu gharama, kebo yenyewe haiumizi. Kinachoumiza ni kazi: kutoboa, kuchimba lipu, kupaka rangi upya. Kwa hiyo bei ya waya inategemea zaidi lini unauvuta kuliko mita ngapi. Kama unajenga, kabla ya lipu zungumza na fundi umeme alaze mabomba ya plastiki kutoka kila chumba hadi sehemu moja, mbali kidogo na nyaya za umeme, na aache kamba ndani ya kila bomba hata kama leo huna hela ya kebo. Matundu mawili kila chumba, kwenye kuta zinazotazamana, na moja katikati ya dari kwa ajili ya kirusha Wi-Fi, yatatosha.